Robine ya Uani

Mama aliondoka Shituru, mtaa wetu hapa Likasi, kwa sababu ya magoti. Nyumba yetu ni ya zamani, ya wafanyakazi wa kiwanda, na bafuni maji yalikuwa yameacha kupanda. Yalitoka kwenye robine moja tu, ile ya uani, bomba fupi lisilofika hata gotini mwa mtu mzima. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na sisi tuliinama miaka yote. Magoti yake yalipokataa, dada yangu mkubwa, yaya kama tunavyomwita, alikuja kumchukua, akamhamishia kwake Lubumbashi. Nikabaki na vyumba vitatu, nikila mkate na chai kwa sababu sipendi kusonga ugali wa mtu mmoja.

Nilimkumbuka mpaka nikaanza kuyakasirikia mabomba. Nikaapa nitayatengeneza, arudi nyumbani.

Nilileta fundi, mtu mkimya mwenye dharau kidogo. Alikata kipande cha bomba la chuma linalotoka kwenye mita, akaniwekea mkononi. Kutu ilikuwa imejaa ndani hadi kidole changu kidogo hakikupita. Tulichimba siku nne, tukaweka mabomba mapana ya plastiki hadi bafuni. Bado maji yalipanda kwa uvivu. Fundi akaeleza kwamba robine ya uani, kwa kuwa iko chini na haifungwi kutwa, ndiyo inayokunywa kwanza. Wanawake wa mtaa mzima walichota pale kwa bidoni zao, na Mama hakuwahi kumkataza mtu. Habari ya kufuli hakutaka hata kuisikia. Nikamwambia fundi aizibe. Sikumpigia Mama simu kumuuliza. Nilitaka iwe zawadi.

Alirudi Jumapili baada ya misa. Nikamfungulia bomba la mvua, maji yakashuka kwa nguvu, nikamsikia akicheka peke yake mle ndani kama msichana. Nilifurahi, sifichi. Nilisimama koridoni nikijiona mwana wa maana kuliko wote Likasi.

Asubuhi iliyofuata aliweka kiti uani, karibu na pale robine ilipokuwa. Mchana nikamkuta palepale. Kesho yake vilevile, na keshokutwa. Wanawake walikuwa wamehamia kisima cha parokia, ng'ambo ya reli, na huko magoti yake hayafiki. Ijumaa alikunja vitenge vyake akavitia mkobani.

"Maji iko mingi, mutoto yangu," alisema. "Bantu njo banakosekana. Kule kwa yaya yako tuko bengi pa robine moya."

Niliuchukua mkoba. Nilimsindikiza hadi kwenye gari akiwa ameushika mkono wangu, nikatamani gari lichelewe.

Jumatatu fundi alirudi kuizibua robine, akinitazama kama mtu asiyejua anachotaka. Bafuni sasa maji yanadondoka tu, naoga kwa ndoo. Wanawake wamerudi mmoja mmoja. Wanapanga bidoni, wanagombana, wanacheka, kisha wananiuliza Mama anarudi lini. Siku moja nilimpigia, nikainua simu awasikie. Alisikiliza kwa muda mrefu. Akasema atakuja, magoti yakipata nafuu.

Mimi nawaambia wiki ijayo. Nimewaambia hivyo tangu mvua za kwanza, na sasa mahindi yamekauka shambani.