Namba Iliyoandikwa Ubavuni mwa Boti

Maji yalishatufika kifuani tukiwa bado tumekaa ndani ya boti. Magunia ya dagaa yalikuwa yakielea pembeni na injini ilikuwa kimya. Rafiki yangu, mwenzangu wa biashara, aliinua simu yake juu ya kichwa. Ilikuwa simu pekee isiyolowa. Namba ya mdogo wangu ilikuwa imeandikwa kwa rangi nyeupe ubavuni mwa boti hiyohiyo, nje na ndani. Akaisoma, akapiga, akasikiliza.

"Wanasema namba haipo."

"Haipo vipi, na hiyo hapo mbele yako?"

Akapiga tena, wakamjibu yaleyale. Ndipo akampigia mume wake, aliyekuwa nyumbani Ijumbi, naye akapokea. Akamwambia tunazama, mdogo wangu hapatikani. Wimbi likaja, simu ikaenda. Tulishikana mikono juu ya ubao, mpaka mimi ndiye niliyebaki nimeshika.

Sasa nieleze ilivyoanza. Mdogo wangu alikuwa na boti zilizobeba abiria na mizigo kutoka kisiwa cha Goziba, na nyingine yenye injini kubwa aliyoiacha mwaloni, pale boti zinapotia nanga, kwa ajili ya kufuata wenye shida ziwani. Ndiyo maana namba ilikuwa ubavuni. Kule kisiwani hata mtu asiyejua kusoma alikuwa ameishika kichwani. Lakini mtandao wake wa zamani ulikuwa umeanza kusumbua pale mwaloni. Akaja wakala wa kampuni nyingine ya simu na mwavuli wake, akamwambia atahama na namba yake ileile.

Nilikuwepo. Mdogo wangu aliuliza swali moja tu: "Na watu wa Goziba wakinipigia?"

"Watakupata, waitu," akajibu kwa heshima ya kwetu. " Mitandao yote inaambiana."

Yule kijana simlaumu, alisema alichofundishwa. Mdogo wangu akahama siku hiyohiyo, na siku iliyofuata tukazama.

Kule Ijumbi, mume wa marehemu rafiki yangu alimpigia mdogo wangu, naye akaambiwa namba haipo. Akapanda bodaboda mpaka mwaloni. Alimkuta mdogo wangu amekaa na simu mkononi inawaka, anaongea na mteja anacheka. Huo ndio ushahidi aliobaki nao moyoni: simu inawaka na mtu anacheka. Walikuja wote wawili na boti kubwa. Walinikuta mimi peke yangu.

Siku ya mazishi, pale kibanjani kwao, kwenye migomba ya nyumbani, mdogo wangu alichukua jembe kufukia pamoja na wanaume wengine. Mfiwa akamnyang'anya mbele ya watu.

"Wewe ulituzimia simu. Usinifukie mke."

Tangu hapo mdogo wangu alikwenda mwaloni mara moja tu. Alinunua kopo la rangi ya bluu, akaifuta ile namba kwenye boti zote. Kanisani alikaa benchi la nyuma, na watu waliacha nafasi pembeni yake.

Mimi nimeishia darasa la nne. Lakini nilikuwa majini, nilijua tulichoambiwa. Nilikwenda ofisi ya kampuni ya simu aliyotumia marehemu, pale Bukoba, maana simu yake na ya mume wake zilikuwa za mtandao huo. Msichana wa dirishani alinieleza vizuri. Kila kampuni ina mashine yake inayokumbuka namba zilizohama. Namba ikihama, mashine ya kati inazitangazia zote. Iliyochelewa kusikia inaendelea kupeleka simu kwa kampuni ya zamani, na kule wanajibu namba haipo.

"Na ya kwenu inachelewa kiasi gani?" nikamuuliza.

Akamwita bosi wake. Bosi, mwenye shati la mikono mirefu, akasema, "Mama, mfumo unajisasisha wenyewe. Hauchelewi." Akarudi ndani.

Sawa. Niliamua kupima mwenyewe. Nilihamisha namba yangu kama alivyohamisha mdogo wangu, kutoka kampuni yake ya zamani kwenda ile aliyohamia. Nikaenda Ijumbi na mkungu wa ndizi, nikaingia jikoni kwa mfiwa.

"Shemeji, umekuja kunipikia?"

"Nimekuja kukupigisha simu."

"Kama ni kumtetea mdogo wako, bora upike tu."

Laini mpya iliposhika, jirani mwenye simu ya kampuni niliyohamia alinipigia. Ikaita. Nikamwambia mfiwa apige yake, nami nimekaa mbele yake, simu juu ya kinu, inawaka. Akaweka sauti kubwa tusikie wote: namba haipo.

Nikamenya ndizi. Akapiga, haipo. Nikafunika chungu kwa majani ya mgomba, kikachemka. Jirani mwingine, wa mtandao tofauti na yote hiyo, akanipata. Mfiwa, haipo. Tukala, nikaosha vyombo. Haipo.

"Labda umeizima kwa ujanja," akasema, lakini sauti ilikuwa imeshuka.

"Ishike wewe. Lala nayo."

Alilala nayo. Asubuhi, tukiwa kwenye uji, alipiga, na simu yangu ikaita ndani ya mfuko wa shati lake mwenyewe. Hakuipokea. Aliiacha iite mpaka ikakata. Kisha akaniuliza kama mdogo wangu yuko nyumbani, akachukua kofia.

Alichomwambia huko ni chao. Lakini jembe alilomnyang'anya mbele ya watu, alimrudishia mbele ya watu.

Kwa hiyo mdogo wangu siye. Basi ni nani? Mimi nasema ni yule bosi wa Bukoba na waliomweka pale, wenye mashine inayosikia baada ya wenzake wote, wakakaa kimya ilhali kwetu ziwani unashika mtandao wao tu. Nilirudi Bukoba nikamweleza bosi tulivyopima chungu kikichemka. Akaniambia niandike malalamiko, nisubiri.

Nimeandika haya badala yake. Sitaki pole wala laini ya bure. Nataka anayeisimamia mashine ile aje Ijumbi, asimame kibanjani mbele ya kaburi, mume akiwepo, mdogo wangu akiwepo, aseme alijua tangu lini kwamba inachelewa, na kwa nini hakutuambia kabla hatujapanda boti.