Mkeka wa Mieleka Niliopeleka Olmotonyi

Mimi ni fundi wa makochi mtaa wa Sombetini, mjini. Nakata sponji, navalisha viti, nabadilisha vitambaa vya makochi ambayo wenyewe wameyachoka lakini hawako tayari kuyatupa. Sikuwahi kufikiri kazi hiyo ingenifikisha kwenye mieleka, tena ile ya mtindo wa Kigiriki na Kirumi, ambayo hadi mwaka juzi nisingeweza hata kukueleza inachezwaje.

Ilianza na mteja. Mwanamume mfupi, shingo nene, masikio yamevimba na kujikunja kama uyoga. Alisimama mlangoni asubuhi akaniuliza kama naweza kumshonea mkeka. Nikamwambia mikeka sishoni, aende sokoni kwa akina mama wanaosuka ukindu. Dereva wa bodaboda aliyekuwa akisubiri abiria hapo nje akadakia, "Unataka mkeka wa kulalia au wa kubeti?" Tukacheka sote, mgeni naye akacheka, kisha akatoa simu mfukoni.

"Dada, ngoja nikuonyeshe. Ukiona utaelewa."

Akanieleza kwamba anafundisha mambo ya misitu chuoni, kule juu Olmotonyi. Mchezo huo alijifunza alipokuwa akisoma ng'ambo, na sasa wanafunzi wake walitaka awafundishe, lakini walikuwa wanaangukia kwenye majani na mizizi na kuumia mabega. Alihitaji sponji nene, ngumu kiasi, iliyovalishwa turubai, pana kama sebule mbili. Wakati ananieleza vipimo, video ilikuwa inaendelea, na mimi nilishaacha kusikiliza vipimo.

Kwenye simu alikuwepo Mrusi mmoja mkubwa kama kabati. Mpinzani wake, naye pandikizi la mtu, alikuwa amelala kifudifudi, kajibana chini kama ruba kwa sababu alijua kinachokuja. Mrusi akampitishia mikono kiunoni, akamkumbatia kinyumenyume, akamng'oa. Akasimama naye, miguu ya yule mtu inaelea hewani, halafu akamtupa kwa nyuma juu ya bega lake.

"Rudisha," nikamwambia.

Akarudisha. Tukaangalia mara nne.

Siku zote nilizokuwa nashona ule mkeka, mwalimu alikuja kila alasiri, eti kukagua kazi. Ukweli ni kwamba tulikuwa tunabishana. Alinifundisha kwamba katika mtindo huu ni marufuku kushika chini ya kiuno. Miguu ya mwenzako huigusi, na ngwara hakuna. Unabaki na mikono, kifua, mgongo na akili. Ukimlaza chali mabega yake yote mawili yakagusa chini, umemaliza. Kisha swali likawa: katika watu wote waliowahi kucheza hivi duniani, nani mkubwa kuliko wote?

Majina yao yalinishinda kutamka, nikawa nawaita kwa nchi zao. Mwalimu alikuwa wa Mrusi kufa na kupona, kwa sababu aliishi miaka mingi bila mtu wa kumwangusha. Yule wa bodaboda, ambaye sasa alikuwa akiegesha pikipiki na kuingia ndani kabisa, alimtaka Mcuba, jitu jeusi lenye mabega kama mlango wa gereji, lililochukua dhahabu Olimpiki baada ya Olimpiki. Tulipotazama Mcuba huyo akivua viatu vyake na kuviacha katikati ya mkeka, ishara ya kustaafu, wa bodaboda alijifuta macho akasingizia vumbi la sponji. Mimi nilimchagua Mmisri. Hakuwa mzito kama wale wawili, lakini alikuwa akiwarusha watu vile ninavyokung'uta shuka, na alitoka bara letu. Nilimtetea mpaka sindano ya cherehani ikavunjika kwenye turubai.

"Na wanawake?" nikauliza siku moja.

Mwalimu akakuna shingo. "Wanawake wanacheza mieleka, dada, lakini ya mtindo huru. Huu wa Kigiriki na Kirumi, kwenye Olimpiki ni wa wanaume peke yao."

"Na Olmotonyi?"

Akaipiga turubai kwa kiganja. "Olmotonyi mkeka ni wangu, na sheria ni zangu."

Tuliupandisha Jumamosi kwa kirikuu mbili, vile vigari vidogo vya mizigo, vipande vimefungwa kamba. Hewa ya kule juu ilikuwa baridi, Mlima Meru umejifunika mawingu hadi mabegani. Tukautandaza kwenye uwanja wa majani karibu na misonobari, nikapiga magoti kukagua mishono yangu. Vijana wawili wakaingia kujaribu. Mmoja akamzungusha mwenzake kwa kumfunga kichwa na mkono, wakaanguka kwa kishindo, na mimi nikapiga kelele si kwa ajili yao, bali kwa mshono uliokuwa chini yao. Ulishika.

Walikuwepo watu wa jirani waliokuja kushangaa. Kati yao alikuwa mama mmoja Mmeru, mkulima wa kahawa na ndizi, amevaa kanga juu ya suruali ya trakisuti, ametoka kupeleka mikungu barabarani. Nilimwamkia, "Shikamoo, mama," akaitika, "Marahaba, mwanangu," bila kuondoa macho kwenye mkeka. Halafu akauliza, "Wewe ndiye uliyeushona?"

"Ndiyo, mama."

"Mbona hujaukanyaga?"

Nilivua viatu, nikakaza mtandio wangu vizuri, nikaingia. Nilipogeuka, mama naye alikuwa ameifungua kanga, anaikunja taratibu na kuiweka pembeni. Wanafunzi wakaanza kupiga makofi. Mwalimu alitusogeza kifua kwa kifua, akatuonyesha pa kuweka mikono, akarudia kwamba miguu haiguswi, kisha akapuliza filimbi.

Nilikuwa na mpango. Nilikuwa nimetazama video kwa wiki tatu, ningefanya kama Mmisri. Nilipitisha mkono chini ya kwapa lake, nikavuta. Ilikuwa kama kuvuta kisiki. Mama alikuwa na harufu ya moshi na majani ya migomba, na pumzi yake ilikuwa tulivu kabisa sikioni kwangu, wakati moyo wangu unapiga kama mashine ya kusaga. Nilimsukuma hatua moja, mbili, watu wakapiga mayowe, nikaamini nimempata. Hapo ndipo mikono yake ilipokutana nyuma ya mgongo wangu.

Alinibeba kama mkungu. Sina namna nyingine ya kusema. Nilielea, nikaona misonobari imelala ubavu, nikaona wingu, halafu sponji yangu mwenyewe ikanipokea, na mama yuko juu ya kifua changu, mabega yangu yote mawili chini. Filimbi ikalia.

"Umeumia?" akaniuliza.

"Hapana, mama."

"Basi inuka, turudie."

Tulirudia mara tano, na mara tano akaniangusha. Sikumbuki kufurahi vile tangu nikiwa msichana mdogo. Viwiko vilichubuka, mtandio ulikaa upande, nilicheka mpaka pumzi ikaniishia. Wa bodaboda, aliyekuja kushuhudia mkeka ukifunguliwa, alimpigia simu mwenzake Sombetini akamwambia kwamba Mcuba amejitokeza Olmotonyi na amevaa trakisuti.

Sasa tuko wanawake saba, kila Jumamosi. Wapo wanachuo, wapo wakulima, ni mimi peke yangu ninayepanda kutoka mjini. Mama yangu mzazi aliuliza kama hii ni kazi ya mtu mzima, nikamwalika aje aone. Alikaa kwenye kiti cha plastiki hadi mwisho, kisha akaniambia naachia mkono wa kushoto mapema mno.

Alikuwa sahihi. Jumamosi iliyofuata sikuuachia. Nilimshika yule mkulima juu ya kiuno, nikajigeuza, nikahisi kisigino chake kikiachana na turubai, na tukaenda chini pamoja, yeye chini mimi juu. Mwalimu alilala kifudifudi kuangalia mabega, kisha akapiga mkeka kwa kiganja. Mama mkulima alinitazama kutoka chini, jasho linamtiririka, akaniambia, "Haya, sasa ndiyo tumeanza."