Sikukuu Tuliyoiadhimisha Mtoni

Nikisikia nyundo ikipasua jiwe mahali popote, mimi hurudi mtoni kwetu, upande wa chini wa Ikutha. Ilikuwa miaka ya sabini, nikiwa darasa la tatu, na mto wetu ulikuwa mto kwa jina tu: mchanga mtupu unaochoma nyayo. Maji tulifukua, na kiangazi kilipozidi tulifukua hadi aliye shimoni asionekane. Mwaka huo akina mama wa mwethya, kikundi chetu cha kusaidiana kazi, walikata shauri kujenga ukuta kutoka ukingo hadi ukingo, ili mafuriko yakija yaache mchanga nyuma yake na mchanga ututunzie maji. Kanisa lilileta simiti. Mawe yalikuwa yetu, na migongo ya kuyabeba ilikuwa yetu. Mwenyekiti alikuwa mama yangu, Mama Mwende, mwanamke mfupi mwenye sauti ya kusikika ng'ambo. Mwende mwenyewe ndiye mimi, na shuleni nilitembea kifua mbele kwa ajili hiyo.

Mwezi wa kumi ulitukuta kipande cha katikati bado, palepale maji hupita kwa nguvu. Mawingu yalikuwa yameanza kujikusanya. Kila mtu alijua kwamba mvua ikitutangulia, mafuriko yatabeba kazi yote, na simiti nyingine hakuna. Hapo ndipo chifu alipotoa amri: siku ya sikukuu ya taifa wanawake wote waende sokoni Ikutha wakamwimbie mgeni mkubwa. Mama akasema haendi. "Si kila siku mnatuambia tujenge taifa?" alimwambia mjumbe. "Basi ndilo hili tunalijenga. Mgeni aimbiwe na wengine." Aka! Niliogopa, maana enzi hizo chifu hakukataliwa hivi hivi.

Asubuhi ya sikukuu tulisimama mchangani, watoto na mama zetu, tukaimba wimbo wa taifa bila bendera, kisha mawe yakaanza kupita mkono kwa mkono. Jua halijafika utosini, naibu wa chifu akatokea na baiskeli yake, uso ameukunja.

"Mama Mwende, umeikataa serikali?"

"Sijaikataa, Naibu. Nipeleke kwa chifu ukitaka, lakini ngoja kwanza tumalize safu hii."

Akaketi juu ya jiwe kumngoja. Lo, kosa gani hilo! Kwetu mtu haketi akatazama mwethya. Hata mpita njia hubeba jiwe moja ndipo aendelee na safari yake. Anayeketi hutungiwa wimbo, na wimbo huo huimbwa shamba hadi shamba mpaka umfikie mama mkwe wake. Bibi mmoja akauanzisha pole pole, jina la naibu likiwa katikati, na wenzake wakaitikia huku wakicheka. Naibu akainuka kama aliyekalia siafu, akavua koti, akabeba jiwe. Wimbo ukageuka wa sifa papo hapo. Akabeba lingine, na lingine. Jioni ilimkuta bado yuko nasi, simiti hadi kwenye nyusi. Alichokwenda kumwambia chifu sijui, ila hakuna aliyekuja kumchukua mama.

Ukuta ulifungwa, na mvua ikaja simiti ikiwa imekwisha kukauka. Mto ulishuka ukinguruma, sisi tumesimama ukingoni, mama amenishika bega hadi likauma. Maji yalipanda, yakamwagika juu ya ukuta, na ukuta haukutikisika. Mama alilia mbele ya watu bila haya yoyote. Kiangazi kilichofuata tulifukua kwa viganja tu, na maji haya hapa.

Siku hizi sikukuu tunazo, na hotuba ndefu, na mimi hualikwa viti vya mbele. Nilikuwa nimeanza kusema, kama wazee wote wasemavyo, kwamba vijana wa leo hawana habari na nchi yao. Halafu mwaka jana, nikiwa nyumbani, lori la wachimba mchanga likashuka mtoni; mchanga sasa ni biashara mjini, na ukiondoka huondoka na maji. Nilikimbia na magoti yangu haya mabovu. Nilipofika, vijana walikuwa wamekwisha kujipanga mbele ya lori. Dereva akapiga honi, akauliza kwa ukali mchanga huu ni mali ya nani. Aliyemjibu ni msichana mmoja ambaye hata jina la mama yangu halijui.

"Ni wetu," alisema, na lori likarudi kinyumenyume.