Nimezeeka kwa miaka ya marehemu kaka yangu

Admin, nifiche jina, ingawa hata hili nililonalo si langu. Mimi ni mwanaume wa Mabawe, Ngara, nina mke na watoto watatu. Umri wangu ndio kisa chenyewe. Kwa makaratasi nina miaka thelathini na nane. Mama aliyenizaa anasema thelathini na tatu.

Wakimbizi kutoka Burundi walipoanza kumiminika, baba alikuwa ameshafariki na mimi nilikuwa na miaka kumi na mitano. Kambini walitafuta watu wa kupima unga, ila lazima uwe umetimiza kumi na minane. Mama akafungua sanduku, akatoa cheti cha ubatizo cha kaka yangu aliyekufa kwa malaria. Akaniambia, "Chukua miaka ya mwenzio. Yeye haihitaji tena." Nikapata kazi. Tangu hapo mama naye akaniita jina la kaka, kwanza ili nisijisahau mbele za watu, halafu akazoea. Kadi ya kura, ndoa ya kanisani, kote ni kaka. Kambi ikafungwa, kazi ikaisha, nikabaki na vibarua vya kuotea.

Mwaka huu tumeunda kikundi, watu kumi tusio na ajira. Halmashauri inatoa mashine za kufyatulia matofali kwa vikundi vya vijana. Afisa, dada ambaye nina hakika tunalingana, alitusalimia wote "mambo vipi". Alipoisoma fomu yangu akaniangalia, akasema, "Shikamoo baba." Nami kwa ujinga wangu nikaitikia marahaba. Hapo nikajua nimekwisha.

"Ujana mwisho thelathini na tano, baba. Utoke, la sivyo kikundi kizima kinakosa."

Nikamuuliza, sisi wa katikati twende wapi? Akanijibu kwa upole kwamba wazee nao wana utaratibu wao, unaanzia sitini. Yaani nikae miaka ishirini na miwili nikisubiri uzee. Njaa yenyewe haijawahi kuniuliza nimezaliwa lini.

Parokiani wanasema jina langu la kweli limo kwenye kitabu cha ubatizo na cheti watanipa, ila mama aje athibitishe kuwa mimi ndiye yule mdogo. Na huku kwetu Kihangaza chetu na Kirundi cha wakimbizi vinasikilizana, mtu mwenye majina mawili huulizwa ametoroka kambi gani. Hilo naliogopa, lakini silo linaloniliza.

Nilipomweleza mama, alichambua maharage mpaka yakaisha. Kisha akasema, "Nitaenda. Ila nikirudi, nikikuita kwa jina lake, usiitike."

Fomu zinarudi Jumatatu na wenzangu tisa wananingoja mimi. Nimpeleke mama, au nijitoe niwaachie vijana mashine yao? Leo asubuhi ameniita kunywa chai kwa jina la kaka, nikaitika kabla sijafikiri. Ndugu zangu, nishaurini, Jumatatu niitike jina gani?