Jina la Mwisho Katika Wimbo wa Mlango

Kazi yangu ni kupiga video za harusi, upande wa wanawake. Katika mji wa Kisii familia za Kiislamu haziwezi kumwingiza mwanamume mwenye kamera katika chumba ambamo wanawake wamevua mabuibui na wanacheza, kwa hiyo huniita mimi. Kazi hii imenilisha na kunisomeshea wadogo zangu. Imenifunza pia kufunga mdomo, maana video ninazopiga huangaliwa na wenyewe tu, sebuleni, mlango ukiwa umefungwa.

Baba yangu ni Mnubi wa hapa mjini. Babu wa babu yake aliletwa na Mwingereza akiwa askari wake aliyebeba bunduki, akaachwa hapa, akazaa hapa na akazikwa hapa. Mama yangu ni Mkisii wa Nyamira, binti wa Wasabato wenye majani chai na migomba, aliyesilimu akaolewa mjini, na ndugu zake wakachukua muda mrefu sana kumsamehe. Ekegusii, lugha ya Wakisii, nakiongea kuliko vijana wengi wa siku hizi wa Mosocho. Hata hivyo, nikiingia ofisi yoyote na kitambaa changu kichwani, naulizwa kwetu ni wapi. Nikisema ni hapa, naulizwa tena, "Hapana, kwenu kabisa?" Siku hizi swali hilo nalijibu kwa Ekegusii, na bado mwulizaji hukaa akisubiri jibu.

Kwa hiyo kamati ya tamasha la utamaduni iliponipigia simu, nilijua mapema nitaitwa nini. Walitaka mtu wa kurekodi ngoma za wale waliowaita jamii za wageni: Waluhya waliokuja zamani kuchuma chai kule Nyamira, Wasomali wenye maduka ya nguo, na sisi Wanubi. Kamera zingekuwa zao, kadi za kurekodia zao, na mwisho wa siku kila kitu kingerudi kwao. Mwenyekiti alisema hii ni kumbukumbu ya vizazi. Nilimwuliza kwa nini sisi tunaitwa wageni. Akacheka kwa upole, akaniambia nisichukulie vibaya, ni jina tu la hema tutakalochezea.

Ngoma yetu inaitwa doluka. Ni ya wanawake na ni ya harusini. Wanawake hushika mstari, nguo za maua zikiwa zimefungwa kiunoni, na miguu haiinuki, inaburutwa polepole kwa mwendo mmoja huku ngoma ikiongea chini. Ukiiona mara ya kwanza utadhani haijaanza. Watu wasioijua hungoja ianze mpaka inakwisha.

Halafu, bibi harusi anapotolewa nje, huja wimbo wa mlango. Katika ukoo wetu mwimbaji huwa mmoja. Husimama mlangoni akataja majina ya wanawake wote waliowahi kutolewa kwa mlango huo kuolewa, kuanzia yule wa kwanza kabisa aliyezaliwa hapa Kisii, akishuka mama kwa binti, na jina la mwisho ni la bibi harusi wa siku hiyo. Kila mwanamke huimbiwa mara moja maishani kama jina la mwisho. Akiachika akaolewa tena, haimbiwi tena. Na nafasi hiyo ya mwisho haiachwi wazi, kwa sababu wimbo usio na bibi harusi kwetu ni kama kumwita mtu asiyekuwepo.

Aliyebaki akiyajua majina hayo kwa mpangilio wake alikuwa nyanya yangu, mama yake baba, ambaye sisi humwita haboba. Mashangazi wote wanajua kiitikio tu. Haboba alipika mahamri kwa moshi wa kuni tangu akiwa mwari, na kifua chake kililipa. Harusi mbili zilizotangulia tamasha alikuwa ameshindwa kufika mwisho, shangazi akamalizia kwa vigelegele ili aibu isionekane. Sote tulijua kwamba wimbo unaondoka naye. Hakuna aliyethubutu kumwomba auimbe bila harusi.

Yeye mwenyewe ndiye aliyesema atauimba. Tulikuwa tumekaa uani, tukipanga nani atacheza kwenye tamasha, akatukatiza.

"Hawa ni watu wa serikali," alisema. "Wakiandika, imeandikwa. Wacha Kisii isikie wanawake waliozaliwa hapa na majina yao."

Shangazi alimwuliza bibi harusi atakuwa nani. Haboba akamwambia ashughulike na mambo yake.

Tamasha lilikuwa la siku mbili. Vikundi vya wenyeji, kutoka Kenyenya mpaka Nyamira, vilipangwa Jumapili, kwa sababu Jumamosi nusu ya nchi hii iko kanisani na mtu wa Sabato hachezi ngoma siku ya Sabato. Ni heshima, sikatai. Lakini wageni ndio tuliopewa hiyo Jumamosi. Tulicheza mbele ya viti vitupu, wauza mahindi, na afisa mmoja aliyetumwa na mgeni rasmi awasalimie watu kwa niaba yake. Watu wa mama yangu, ambao safari hii walitaka kuja, walikuwa wamevaa nguo nyeupe wakiimba nyimbo zao kule Nyamira. Mama alikuja peke yake, akakaa mstari wa mbele na kushika mkoba wake kwa mikono miwili.

Mvua ilitukuta kabla zamu yetu haijafika, kama kawaida ya Kisii mchana. Ngozi za ngoma zikalegea. Haziwezi kupigwa hivyo, lazima zioneshwe moto mpaka zikazike, lakini walinzi walikataa tuwashe moto uwanjani. Shangazi zangu wakazipeleka nyuma ya hema na kuzikausha kwenye jiko la mama mmoja wa mahindi kutoka Nyakoe, ambaye hakuuliza sisi ni wa wapi. Alisogeza mahindi yake kando tu. Huyo ndiye mtu pekee wa tamasha lile ninayemkumbuka bila hasira.

Tulipoitwa, mshereheshaji alikuwa ameshachoka. Wanawake wakaanza kuburuta miguu, naye kila mara akishika kipaza sauti kuwaambia wachangamke, watingishe, Kisii haina baridi. Yule afisa akaona ni zamu yake kuonekana. Akaingia kwenye mstari wa wanawake, akatingisha kiuno, na simu zote zilizokuwa uwanjani zikainuka kumpiga yeye. Mimi niliiondoa kamera kwake. Nilimweka haboba katikati ya picha, nikavaa hedifoni na kuongeza sauti ya maiki iliyokuwa kifuani pake, ili nimsikie yeye tu.

Hapakuwa na mlango. Alikuwa amesimama kati ya nguzo mbili za hema. Akaanza kutaja majina. Pumzi ilikuwa inamkatika, nikaisikia ikikatika sikioni mwangu, naye akaivuta na kuendelea. Mama wa mama zake wote walipita pale, wengine sijawahi kusikia kwamba waliishi. Alifika kwa shangazi zangu, kwa mpangilio wa harusi zao. Aliwafikia binamu zangu walioolewa. Nilikuwa nangoja aiache nafasi ya mwisho na kuomba msamaha, au ataje jina la mtu aliyekufa.

Akataja langu.

Mimi sina mume. Sikuwahi kuposwa na mtu ambaye ningemkubali, na umri wangu sasa mashangazi wameacha kuutaja. Nimeingia vyumba vya mabibi harusi wasiohesabika nikiwa nyuma ya kamera, na mara zote nilijiambia hainiumi. Siku ile nililia huku jicho langu likiwa kwenye kioo cha kamera, na mkono wangu haukutikisika. Nina hakika haukutikisika.

Alipokuwa akivuliwa maiki nilimwuliza kwa nini amefanya vile.

"Nikingoja harusi yako nitaimbia kaburini," alisema. Kisha akaniuliza, "Imeingia?"

Nikamwambia imeingia yote.

Jioni fundi wa kamati alikusanya kamera na kadi, kama tulivyokubaliana. Niliomba nakala yangu palepale. Mwenyekiti akasema nisiwe na wasiwasi, kila jamii itapewa yake baada ya maonyesho ya video ukumbini. Nilisimama nikaangalia kadi zikifungwa ndani ya mfuko wake.

Siku ya maonyesho haboba alivaa nguo yake ya harusi za wengine na kujifukiza udi. Tulimbeba kwa teksi. Ukumbi ulikuwa umejaa safari hii, maana wenyeji walikuja kujiona. Vikundi vyao vilipita kimoja kimoja, vyote na sauti zake. Halafu yakatokea maandishi makubwa: Ngoma ya Wageni. Wanawake wetu wakaonekana, miguu inaburutwa, na juu yao ukasikika obokano, lile zeze kubwa la Kikisii, na mzee wa Kikisii akiimba. Miguu ilikwenda njia yake na muziki njia yake. Watu nyuma yetu walicheka, si kwa ubaya, kwa sababu kweli ilichekesha.

Kisha haboba akatokea kwenye kioo cha video. Midomo yake ilikuwa inasogea.

"Mimi niko wapi?" aliniuliza kitini, kando yangu. Alidhani masikio yake ndiyo yamekufa.

Nilikuwa naiangalia midomo. Niliiona ikitaja watu na sikujua ni akina nani, mpaka mwisho kabisa, nikaiona ikifanya jina langu chini ya zeze la watu wengine. Kisha yule afisa akatokea akitingisha kiuno, na ukumbi ukapiga makofi.

Nilimkuta mwenyekiti mlangoni. Nilimwambia nataka kadi nilizorekodia na sauti ya haboba, sasa hivi. Hakukasirika, na ningempenda zaidi kama angekasirika.

"Madam, hiyo sauti ilikuwa lugha hakuna mtu hapa anaelewa," alisema. "Tukaona tuweke kitu ya nyumbani. Na kadi zilikuwa chache, si unajua, tukatoa picha tu, halafu hizo za Saturday ndio tulirekodi nazo tena Sunday, ya kwanza ikafutika."

Nilimwuliza, kwa Ekegusii, ni nyumbani kwa nani. Akanisifu kwamba nakiongea vizuri sana. Akaniuliza nilijifunzia wapi.

Baadaye nilizunguka mji nikiomba watu wanionyeshe simu zao. Kila simu ina kiuno cha yule afisa na kelele za mshereheshaji. Katika moja, upande wa kushoto, unaonekana mkono wa haboba.

Nilirudi kwake nikamwomba tufunge mlango, mimi na yeye, anitajie tu majina, bila kuimba, nirekodi kwa kifaa changu mwenyewe. Alikuwa amelala kwa ubavu, na kifua chake kilikuwa kinapiga kelele. Alisema majina hayatajwi kama orodha ya duka. Yanataka mlango, na mlango unataka bibi harusi, na mimi ameshaniimbia, hanirudii. Binti mwingine wa kuolewa hatuna, na kama angekuwepo, haboba hana tena pumzi ya kusimama.

"Si ulisikia?" alisema. "Ulikuwa umeziba masikio na yale madude. Wewe ulisikia vizuri kuliko wote."

Ni kweli. Nilimsikia kuliko mtu yeyote aliyekuwa uwanjani. Sasa nikiwa peke yangu hujaribu kuyataja kama alivyoyataja. Yule wa kwanza nampata, na binti yake, halafu napotea, naruka, najikuta kwa shangazi zangu. Katika majina yote yale, lile ninaloweza kuliapia ni la mwisho, na hilo nilikuwa nalo tangu nizaliwe.