Siku Viti Vilipokaguliwa

Mtaani walimwita Mama Viti, na mwenyewe aliitika. Kwa miaka kumi na tisa alikodisha viti vya plastiki na maturubai kwa wenye harusi na wenye misiba, na alikuwa bingwa wa kukisia. Ukimwambia msiba ni wa watu wachache, yeye huleta viti mia, na vyote hujaa. Mumewe, tarishi mstaafu, alizoea kusema kwamba ameoa mwanamke mwenye viti zaidi ya mia mbili ambaye hajawahi kukaa.

Ugonjwa ulipoingia, serikali ikapiga marufuku mikusanyiko. Harusi ziliahirishwa. Misiba haikuahirishika, ila waombolezaji hawakuruhusiwa kuzidi kumi, na watu kumi hawakodi viti, wanasimama. Mama Viti akavirundika viti vyake bandani, akaviosha, akavirundika tena. Alipoanza kuviosha kwa mara ya nne, mumewe alimtahadharisha kwamba rangi itatoka.

Ndipo muuguzi mkuu wa zahanati ya jirani alipopiga hodi. Wagonjwa walikuwa wakisimama kwenye foleni tangu asubuhi, wengine wakianguka, na agizo lilitaka wakae wameachana nafasi. Zahanati ilikuwa na mabenchi manne. Mama Viti hakugusia habari ya malipo. Viti vilipakiwa kwenye mkokoteni, safari sita, bandani vikabaki kumi na kimoja vyenye miguu mibovu.

Mwezi uliofuata ikatangazwa ruzuku ya dharura kwa wafanyabiashara wadogo walioathirika. Si mkopo, tangazo lilisisitiza mara mbili, maana walioliandika walijua wanaongea na watu gani. Mama Viti akaenda ofisi ya mtaa kujaza fomu. Swali la tano liliuliza kama biashara inaendelea. Alimuuliza karani ajibu nini, naye akamweleza bila kuficha: akijibu ndiyo, ataonekana hana shida, akijibu hapana, ataonekana hana biashara. Wengi waliomtangulia walikuwa wameacha wazi. Mama Viti alifikiri kidogo, akaandika: "Imekaa."

Siku tisa baadaye afisa wa ukaguzi akafika, kavaa barakoa mbili, kashika ubao wa kuandikia. Alikuwa mtu mpole, mchovu. Asubuhi hiyo alikuwa ameshakagua saluni tatu zilizofungwa kwa amri ya serikali, na zote ameandika kuwa amezikuta zimefungwa. Akachungulia bandani, akahesabu.

"Hapa naona kumi na kimoja. Fomu inasema mia mbili na ushei."

"Vingine viko zahanati, baba. Ni hapo tu, twende ukavione."

"Mama, mimi nakagua mahali palipoandikwa kwenye fomu. Zahanati haijaandikwa. Halafu kama viti viko kazini, basi biashara inaendelea."

"Sijalipwa hata senti moja."

"Hilo sasa si la ugonjwa," afisa alisema, akaandika kwamba mali haikuonekana. Alimwambia ana nafasi moja tu ya kukaguliwa upya, Alhamisi saa tisa alasiri.

Mumewe hakuona ugumu wowote: viti ni vyake, akavichukue. Jumatano Mama Viti akaenda zahanati na mwenye mkokoteni. Langoni akamwona mzee aliyevimba miguu, amevua viatu na kuvipanga chini ya kiti kama mtu aliyefika kwake. Pembeni mama mmoja alikuwa amelala, mtoto mapajani. Mama Viti aliona haya, kama mtu anayemwondolea mwenzake kiti wakati anataka kukaa. Akamwambia mwenye mkokoteni arudi zake.

Alimweleza muuguzi mkuu kila kitu, wala si kwa kuomba, bali kwa kuwa mtu aliyefika langoni lazima aseme kilichomleta. Muuguzi alisikiliza, akamjibu kwamba kila siku saa nane wanafunga ili kupuliza dawa, na viti lazima vitoke nje.

"Vikishatoka nje," alisema, "mimi sijali vinafika wapi. Mradi asubuhi nivikute."

Alhamisi, saa nane na nusu, watu wa mtaa ule waliona jambo. Wahudumu wa zahanati, wasindikizaji na wagonjwa waliojiweza walikuwa wakiteremka barabarani wamebeba viti kichwani, wenye nguvu vitatu vitatu, kila mtu hatua mbili nyuma ya mwenzake kama walivyofundishwa. Hawakuimba. Walifika kwa Mama Viti, wakavipanga uani, na kwa kuwa walichoka, wakavikalia.

Afisa alipofika alikuta uani pamejaa.

"Mama, hapa kuna zaidi ya watu kumi."

"Hawajakusanyika. Kila mmoja amekuja na kiti chake."

Afisa akawatazama, nao wakamtazama, barakoa kwa barakoa. Tangu asubuhi alikuwa hajakaa. Mzee mmoja aliyekuwa mwisho wa safu akainuka, akamwachia nafasi. Afisa akaketi, akahesabu akiwa ameketi, akaandika: "Mali imeonekana. Biashara imekaa."

Ruzuku iliingia baada ya miezi mitatu, nusu ya ilivyotangazwa, pamoja na ujumbe wa kuwashukuru waombaji kwa kuwa wengi. Mama Viti alinunua turubai jipya, maana la zamani lilikuwa linavuja katikati, pale wanapokaa maharusi. Viti vilirudi miezi saba baadaye, vimeandikwa namba mgongoni kwa rangi nyekundu isiyofutika, kwani baada ya Alhamisi ile muuguzi hakutaka tena kubahatisha kama vimerudi vyote.

Harusi ya kwanza ilipofika, mjomba wa bwana harusi alikuja kulalamika kwamba kaka yake amepewa namba tatu na yeye mia na arobaini. Mama Viti alimwambia avumilie, wanaita kwa zamu.