Rais Aliyerudi Shambani

Ipo siku moja ninayoikumbuka kila nikisikia habari za kiti chako cha uenyekiti, mwanangu. Nilikuwa kidato cha pili hapa Kitale, na mwalimu alikuwa amenichagua nimsifu rais wa kwanza wa Marekani kwenye mdahalo wa shule. Kichwa kilinivimba. Nilifika nyumbani Kibomet nikamkuta kukhu, mama yake baba, anachagua maharagwe, nikaanza kumhutubia kama vile ni ukumbi mzima.

Nikampa vita, nikampa farasi, nikampa mto wenye barafu. Kukhu akapiga miayo. Nilipokaribia kumaliza nikataja tu kwamba baada ya mihula miwili, watu wakiwa bado wanamtaka, alijiondokea akarudi shambani kwake. Mikono ya kukhu ikasimama juu ya maharagwe.

"Ngoja kwanza. Ati aliacha kiti na hakuna mtu amemfukuza?"

"Ndiyo, kukhu."

"Na hakuwa mgonjwa?"

"Hapana."

"Huyo sasa ni mtu! Si ungeanza na hiyo, badala ya farasi?" Akacheka, kisha akaniuliza, "Na akiwa kwa kiti, hiyo shamba yake ilikuwa inalimwa na nani?"

Nilijua jibu. Nilikuwa nimeliruka makusudi kwa sababu liliniharibia hotuba. Nikamwambia, watumwa.

Kukhu alikuwa amemaliza ujana wake kwenye shamba la mzungu upande wa Kiminini, akipalilia mahindi yasiyo yake ili aruhusiwe kulima kipande kidogo cha kwake. "Kule tulikuwa tunasema Bwana amepanda, Bwana amevuna," akasema. "Na jembe hajawahi shika. Wewe sema yote mawili, bana. Msifu kabisa, lakini pia hao watu uwataje."

Siku ya mdahalo nilisema yote mawili. Tangu hapo nimesoma mengi juu ya yule mzee, na bado namvulia kofia. Waliokuwa tayari kumfanya mfalme hawakukosekana, naye akakataa. Na watumwa aliowamiliki yeye mwenyewe, aliandika wosia waachiliwe mkewe akishafariki. Alichelewa, nami inaniuma kwamba alichelewa, kwa maana mtu hafai kungoja kaburi ndipo awe mwungwana. Lakini kuachia madaraka makubwa vile na kwenda zako nyumbani, hilo ni jambo ambalo wengi wetu hatuliwezi hata kwenye kamati ya mazishi.

Sasa wewe, mwanangu. Chama chenu cha maziwa umekiinua, nani atabisha? Mtambo wa kupozea maziwa ni jasho lako. Nimesikia Jumamosi wanachama wanataka kubadilisha katiba ili uongezewe muhula wa tatu, na nimesikia hujakataa. Mkeo aliponiambia, sikulala vizuri. Si kwamba wewe ni mwizi. Ungekuwa mwizi ningekufokea tu nikamaliza. Naogopa kwa sababu wewe ni mzuri, na katiba ikishapindwa kwa ajili ya mtu mzuri, atakayekuja baada yako ataikuta imeshapindwa, na huyo hatumjui.

Basi nakushauri hivi. Jumamosi simama mapema, kabla hawajakupigia makofi, uwaambie muhula wako umekwisha na katiba isiguswe. Halafu wataje kina mama wanaokamua alfajiri na vijana wanaosukuma mikebe kwenye matope, kwa majina yao, kwa sababu hayo maziwa hukuyakamua wewe. Usingoje uzee ndipo uwashukuru. Kisha shuka, utafute nafasi kati ya wanachama, uketi. Itakuuma siku chache, najua.

Mungu akupe moyo wa kuinuka watu wakiwa bado wanakuomba ukae. Akubarikie ng'ombe wako na nyumba yako, na ukipita njiani watu wakuite kwa jina lako, wafurahi kukuona, ijapokuwa huna tena cha kuwapa.